Islii siku moja na nusu na mathe, Ijumaa mpaka Jumamosi, tunaanzia wapi?

BintiWaNaks

Wadau habari zenu. Naomba msaada kwa wenye wanaijua Islii, yaani Eastleigh ya Nairobi, kwa miguu, si wale wa kupita na matatu wakachungulia dirishani. Iko hivi, sista yangu anaolewa Disemba na kamati ya nyumbani, yaani mathe, mamangu, peke yake, imeamua vitambaa vya wale wasichana sita wa kumsindikiza vinunuliwe Islii, ati hapa Nakuru rangi yenye anataka haiko na kama iko basi bei ni ya kukufukuza dukani. Rangi yenyewe ni kijani ya parachichi yenye haijaiva sawasawa, msiniulize zaidi, nimepewa kipande kwa bahasha nitembee nacho kama kitambulisho.

Tunatoka Naks Ijumaa asubuhi, mjini tutakuwa kama saa sita, na Jumamosi saa nane mchana lazima tuwe ndani ya gari ya kurudi juu Jumapili mathe ana zamu kanisani na hakosi. Kwa hivyo ni siku moja na nusu, ukitoa usingizi hata haifiki.

Mathe ana miaka 63, goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, na hajawahi kukanyaga Islii maisha yake yote. Kuna binamu yetu hapo Nairobi amemjaza uoga mpaka sasa anataka ashone pesa ndani ya petikoti. Mimi nataka tununue ndio, lakini pia tule, tuonje hiyo maziwa ya ngamia, tukae mahali tuone watu, sitaki tuende mbio kama tunakimbiza mwizi. Mngekuwa nyinyi mngepanga aje? Na tulale huko huko ama turudi mjini?

Odi_wa_Umo

Ijumaa saa sita? Hapo ndio mmeharibu. Ukitoka mjini saa sita na jam ya hiyo saa utaingia Islii saa saba kasoro, na saa saba ya Ijumaa ni swala ya Jumaa, utapata mabati yameshushwa duka baada ya duka na wanaume wametandika mikeka mpaka barabarani juu msikiti umejaa. Mimi niliwahi kufika na mzigo hiyo saa nikakaa juu ya gunia langu kwa veranda karibu saa nzima nangoja mwenye duka atoke kuswali. Nyinyi mkishuka mjini kuleni kitu kidogo, pumzisheni goti, fikeni saa nane unusu hivi. Watu wameswali, wamekula, roho imetulia, hata bei inaongeleka.

Mat ni namba 6 ama 9. 6 inapitia Kariokor na hospitali ya Pumwani, 9 inapitia Pangani. Mwambie makanga mapema mnashukia wapi na umwambie kuna mzazi, la sivyo hao hawasimami, wanapunguza tu mwendo.

abaayo_wa_Section2

Karibuni sana abaayo, yaani dada. Na hooyo, yaani mamako, mwambie asishone pesa kwa petikoti, sasa atazitoa aje mbele ya muuza vitambaa 😂😂 Lipeni na M-Pesa, kila mtu anachukua mpaka mama wa sambusa wa kando ya barabara. Keshi bebeni ya nauli na chai tu.

Mimi nimezaliwa hapa hapa so wacha niseme venye tunanunua sisi. Usiingie duka la kwanza ukatoa pesa. Ingia matatu manne, toa hicho kipande chako, muuzaji atakushushia majora mpaka meza ijae, usimwonee huruma ni kazi yake. Ukipata yenye inakaribia, beba ncha ya jora mpaka mlangoni uiangalie kwa jua, juu taa za ndani za hizo moli zinadanganya, mimi nilinunua kijani nikafika nyumbani nikapata ni bluu. Halafu ndio muanze maneno ya bei. Bei ya kwanza ni ya kukusalimia tu. Useme unanunua ya watu sita, uulize bei ya jumla, na kama hataki anza kukunja bahasha yako polepole. Hooyo asiseme "ni nzuri sana" akiwa ndani ya duka!! Aseme nje.

Kuhusu ngazi, majengo ya zamani yana ngazi nyembamba na watu wanapanda wakishuka na magunia, goti halitafurahi. Hizi moli mpya kama BBS ziko na lifti na vyoo safi, bei inaweza kuwa juu kidogo kwa duka zingine lakini na mzazi ni afadhali muanzie hapo mjue bei, halafu mtoke zile za chini chini zenye milango inaangalia barabara.

Mavazi hakuna mtu atakufukuza, ila bebeni shali, ukijitanda hivi unaangaliwa kidogo na unaitwa abaayo badala ya "sista kuja". Usipige foto za kina mama bila kuomba, hata hao wa kubadilisha pesa hawapendi. Na mwanaume mtu mzima usimnyooshee mkono kwanza, msalimie kwa mdomo inatosha.

Sasa kula, hapo ndio mtanishukuru. Ijumaa jioni tafuta hoteli yenye iko na sehemu ya familia, ziko nyingi, agiza bariis, wali wa Kisomali, na nyama ya ngamia ama ya mbuzi kama hooyo anaogopa. Supu italetwa kwanza na hujaagiza, kunywa. Wali utakuja na ndizi mbivu pembeni na hapo ndio wageni wote wanakosea wanaiweka kando wakifikiria ni ya mwisho. Hapana, unaikata unaila na wali na nyama mdomo mmoja. Ile pilipili ya kijani inaitwa bisbaas, gusa na ncha ya kijiko. Asubuhi ni anjera, ile chapati laini, na maini ama suqaar, vipande vidogo vya nyama, na shaah, chai yenye iliki na mdalasini na karafuu, sukari iko ndani tayari tena mingi, hooyo kama ana sukari aseme mapema.

Maziwa ya ngamia mengi yanatoka Isiolo yakisafiri na basi kwa mitungi. Hiyo harufu ya moshi si kuharibika, mitungi inafukizwa na kuni ndio maziwa yakae. Lakini kama tumbo halijazoea onjeni nusu glasi, na muonje Ijumaa, si Jumamosi saa saba kabla ya safari ya Nakuru. Nimenyamaza.

Mkavu_254

Sipendi kuharibu sherehe lakini mtu aseme ukweli. Islii ni ya kununua utoke. Mvua ikinyesha First Avenue inageuka mto wa matope, mikokoteni inakugonga kisigino bila pole, na simu ukiiongelea karibu na barabara inaenda. Yangu ilienda hivyo, nikiwa natafuta huyo mtu wa kuniuzia kava ya simu, fikiria. Mathe wa miaka 63 mwenye goti mnamzungusha usiku ati kula wali? Wali hauko Nakuru?

Odi_wa_Umo

Mkavu wewe ndio yule binamu yao ama? 😂 Mambo ya simu ni kweli hata mjini ni hivyo, unaweka ndani unatoa ukiwa dukani. Lakini usiku wa Islii ndio salama kuliko mitaa mingi, maduka yako wazi, taa kila mahali, watoto wanatumwa maziwa saa tatu usiku. Mathe atatembea polepole kuliko mchana, hakuna jua.

mzee_wa_Pangani

Vijana mnaongea Islii kama imeanguka juzi pamoja na hizo moli. Huo mtaa umekuwa mchanganyiko tangu mwanzo, jina la Eastleigh limekuweko tangu 1921 na wa kwanza walikuwa Wahindi, Wagoa, watu wa Shelisheli na Wasomali pia, Wasomali wako hapo kabla ya babu za wengi wenu kufika Nairobi, hii habari ya kusema "walikuja na vita" ni nusu tu. Mimi nikiwa mtoto Pangani tulikuwa tunatumwa Islii kwa duka la Mhindi kununua kiberiti na mafuta taa kwa chupa, baadaye Wahindi wakasogea Ngara na Parklands, Wakikuyu wakanunua majumba, na ilikuwa mtaa wa kulala tu, kimya, ungesikia mbwa akibweka Section III ukiwa Juja Road.

Halafu 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka huko Mogadishu, watu wakaja. Kulikuwa na gesti moja inaitwa Garissa Lodge. Watu walikuwa wanalala kwa chumba na bidhaa ziko chini ya kitanda, mchana kitanda kinakuwa meza, unabisha mlango unauliza kama kuna mashati. Ikafika mahali vyumba vyote vimekuwa maduka hakuna wa kulala, na majirani wakaona hiyo pesa wakaanza kugeuza nyumba zao vivyo hivyo. Hizo moli zote mnaona ni watoto wa hiyo gesti. Binti ukipita hapo muonyeshe mamako, si mahali pa kupendeza, lakini umuonyeshe.

Na msiende mkafikiri ni Wasomali tu. Kuna Waoromo, Waburji, Waeritrea, Waethiopia wengi. Ukitaka kukaa uone watu kama unavyosema, tafuta nyumba ya kahawa ya Kihabeshi. Mama anakaanga kahawa mbele yako kwa jiko la makaa, anapitisha kikaango kila mtu avute moshi wake, anatwanga, anachemsha kwa jebena, ni chombo cha udongo chenye shingo ndefu, na inamiminwa mara tatu, abol, tona, na ya tatu ni baraka. Ukiondoka kabla ya ya tatu umeondoka bila baraka, mamako mtu wa kanisa hiyo ataielewa upesi. Hapo hakuna haraka, goti linapumzika.

Kitu kingine cha kuona bila kulipa ni miraa ikishuka mchana. Inatoka Meru mbio mbio kwa sababu ikilala haina bei, imefungwa na majani ya migomba, na utaona Mmeru kabisa wa Maua anagombana bei kwa Kisomali bila kukwama. Nilisimama siku moja kumsikiliza mmoja, nikamsalimia Kimeru kidogo nilichonacho, akanijibu Kisomali, ulimi ulikuwa umeshashika gia.

fundi_wa_Kariokor

Naona wote mnaongea wali na historia na hakuna mtu ameuliza swali la maana. Binti, UNANUNUA KWA YADI AMA KWA MITA?

Mimi ni fundi cherehani miaka mingi na kila Disemba naletewa hii shida. Duka zingine zinapima mita, zingine yadi, na muuzaji hajakudanganya, ni wewe hukuuliza. Yadi ni sentimita 91. Sasa kama fundi wenu amesema mita 3 kila msichana, watu sita ni mita 18, ukienda useme tu "nipimie kumi na nane" ukapimiwa yadi, umebeba mita 16 na nusu hivi, ukifika nyumbani wasichana watano wana gauni na wa sita ana sketi. Nunua tepu ya fundi, ni pesa kidogo, mpe mathe ashike.

Pia uliza upana. Jora la inchi 45 na la inchi 60 si kitu kimoja, kwa la 60 unaweza kuhitaji kidogo kuliko, kwa hivyo mpigie fundi wenu simu ukiwa hapo dukani umwambie upana kabla ya kukata. Na nunua yote siku moja jora moja, ukirudi wiki ijayo hiyo kijani ya parachichi itakuwa imeiva.

Ukipata saa moja Jumamosi piteni Kariokor, iko njiani na 6, kuna viatu vya ngozi na vyondo vinashonwa ukiona. Jina lilitokana na Carrier Corps, wale wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza vita vya kwanza vya dunia. Na nyama choma iko hapo, lakini mmeshashibishwa wali na huyo dada.

BintiWaNaks

Fundi Mungu akubariki, ningesema kabisa "kumi na nane" nikaondoka. Tepu mathe anayo, alikuwa anashona unifomu zamani. Kulala je?

abaayo_wa_Section2

Laleni hapa. Gesti na hoteli ziko za kila bei, uliza vitu vitatu tu, chumba cha chini ama lifti, maji moto, na dirisha haliangalii barabara. Vitambulisho bebeni vya ukweli, mtaulizwa mapokezi na hata barabarani mnaweza kuulizwa. Pombe hamtapata nyingi ya hizi, sidhani hooyo atalalamika. Na kama saa kumi na moja alfajiri adhana italia misikiti yote kwa pamoja, msiruke kitandani.

BintiWaNaks

Wadau tumerudi. Naandika Jumapili usiku mathe amelala miguu juu ya mto.

Tulifika saa tisa kasoro, namba 6, mathe akapewa kiti cha mbele. Nilimwambia tuanzie kwa ile kahawa ya mzee akakataa, ati kazi kwanza. Tukaanzia moli ya lifti kama mlivyosema tukajua bei, halafu tukatoka zile za barabarani. Duka la tano ndio kijani ikapatikana. Kijana mwenye duka alikuwa amechoka na sisi, ameshusha majora kama kumi na mbili, na mathe akachukua ncha ya lile la kumi na tatu akaenda nalo mpaka nje kwa jua akilivuta hivi kama anaanua nguo, kijana anamfuata nyuma ameshika jora linazunguka mikononi. Akaweka kile kipande cha bahasha juu yake. Hakusema ni nzuri. Aliniangalia tu na mimi nikajua.

Bei ilianzia 450 ikashuka 330, hapo walikuwa wameanza kuitana mama na mwanangu. Na sasa fundi wa Kariokor usinitukane. Na tepu iko kwa handibegi. Na nimesoma hii thredi mara tatu. Kijana akauliza "ngapi mama?" na mathe kwa furaha ya kupunguziwa akasema "kumi na nane," mimi nilikuwa najibu simu ya sista. Tumefika gesti mathe anakunja vizuri, mkono wake ukasimama. Akaniambia lete tepu. Mita 16 na nusu, venye ulisema, kama ulikuwa chini ya kitanda.

Usiku huo bariis ilimezwa kwa huzuni kidogo lakini ilimezwa, ndizi na yote, na mathe amesema nyama ya ngamia ni kama ya ng'ombe mwenye amesafiri mbali. Maziwa alionja kijiko kimoja akasema inanuka kibuyu cha nyanyake, halafu akanyamaza, halafu akamaliza glasi yangu. Tumbo lake halikufanya chochote. Langu tusiongee.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni pa lile duka. Jora lilikuwa bado. Yule kijana alicheka mpaka akaita wenzake, akatukatia yadi mbili kwa bei ile ile, akatuletea shaah kwa vikombe vya karatasi, na akamwambia mathe yeye pia mamake humkosea hivyo simu ikilia. Kahawa ya Kihabeshi tulikunywa mara mbili tu, ya baraka hatukungoja juu gari, mzee utusamehe. Kariokor tuliiona dirishani, najua nilisema nini mwanzo. Garissa Lodge nilimwonyesha nikamweleza habari ya vitanda, akauliza, sasa hao wenye walikuwa wanalala walienda wapi? Sikuwa na jibu.

Swali moja la mwisho. Mathe alinunua nyirinyiri kwa mkebe, ile nyama ya ngamia ya vipande vidogo imekaangwa ikawekwa kwa samli. Inakaa siku ngapi bila friji? Anataka kuipeleka kwa kikundi chao cha wamama Alhamisi.

abaayo_wa_Section2

Alhamisi ni mbali?? Hiyo watu walikuwa wanatembea nayo jangwani na ngamia wiki nyingi hakuna friji. Samli ikifunika nyama yote na mchukue na kijiko kikavu haina shida. Shida yenu itakuwa kufika Alhamisi ikiwa bado iko, mwambie hooyo aifiche.

fundi_wa_Kariokor

Mambo ya nyama sijui. Huyo fundi wenu mmemwambia upana ni inchi ngapi?

BintiWaNaks

...wacha nimuamshe mathe tupime.